Ziara ya Viungo Kizimbani: Pua Imefundishwa Nusu ya Somo

Leo tunahakiki kitu kisicho na kurasa wala jalada: ziara ya viungo ya Kizimbani. Hatulizungumzii shamba la fulani wala kampuni ya fulani. Tunaizungumzia ziara yenyewe kama aina ya somo, maana ukienda shamba hili au lile mpangilio ni ule ule. Mtembezaji anachuma jani, analifikicha kwa vidole, anakusogezea puani, anakuuliza: "Hii nini?" Unanusa, unakisia, unakosea, mnacheka. Mnahamia mti mwengine. Kuna mzingefuri wa kupaka midomo, kuna mkwezi anayepanda mnazi huku anaimba, kuna kofia ya ukuti. Mwisho kuna meza ya vipakiti vya viungo, na hapo ndipo pochi zinafunguliwa.

Utauliza, blogu ya sayansi inatafuta nini kwenye mambo ya utalii? Jibu ni kwamba lile ni somo la kemia. Watu wengi ambao hawajawahi kuingia maabara wamepata somo lao la kwanza la kemia ya harufu chini ya mdalasini wa Kizimbani, na si wageni peke yao, hata wanafunzi wa skuli zetu. Somo kama hilo linastahili kuhakikiwa vile vile tunavyohakiki kitabu cha kiada: linafundisha nini, linaacha nini, na mtu akilimaliza anaondoka akiamini nini.

Hukumu yetu tuiseme mapema ili usisome kwa wasiwasi. Ziara ya Kizimbani inafundisha vizuri sana kwamba harufu inakwambia kitu ni nini. Inagusa kidogo tu suala la kitu hicho kuwa kizuri au kibovu. Na haifundishi kabisa kwamba harufu haiwezi kukwambia kama kitu hicho ni salama. Mtu akiondoka na kipande cha kwanza bila cha mwisho, anaondoka na imani moja ya hatari: kinachonukia vizuri hakina tatizo.

Inapofanya vizuri: mti mmoja, harufu tatu

Tuanze kwa kusifu, maana kinastahili. Onesho bora kuliko yote katika ziara hii ni la mdalasini. Mtembezaji anakwangua gome, unanusa: mdalasini, hilo halina mjadala. Anakupa jani ulifikiche: harufu imehama, sasa inakaribia karafuu. Kisha anafukua kidogo chini, anakata kipande cha mzizi, anakupa. Wageni karibu wote husema "Vicks". Mzanzibari akinusa mzizi ule ule hukumbuka kafuri, ile inayotiwa kwenye sanda.

Wote wawili wamesema kweli. Katika gome, kemikali inayotawala ni sinamaldehidi. Katika jani inatawala eujenoli, ambayo ndiyo kemikali kuu ya karafuu, na ukiwahi kuziba jino utaijua pia, maana madaktari wa meno wanaitumia. Katika mzizi inatawala kafuri yenyewe, na kafuri ni moja ya viambato vya Vicks. Mti ni mmoja, umepanda udongo mmoja, lakini kila kiungo chake kimetengeneza kemikali yake.

Hapo pana somo zima la sayansi ya harufu bila ubao wala chaki. Ili unuse kitu, lazima kipande chake kiruke kikufikie puani. Kemikali zinazovukika kwa urahisi, zile nyepesi ambazo hazihitaji moto mwingi kupaa hewani, ndizo zinazotengeneza harufu. Ukifikicha jani unapasua vifuko vidogo vilivyohifadhi mafuta hayo, na yanapaa. Puani mwako kuna aina zipatazo 400 za vipokezi, na kila kemikali inagusa baadhi yake kwa mpangilio wake. Ubongo unausoma mpangilio ule na kuupa jina kulingana na ulivyolelewa: mmoja anasema dawa ya mafua, mwengine anasema maiti. Linda Buck na Richard Axel waligundua familia ya jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, na mwaka 2004 wakapata Tuzo ya Nobel. Mtembezaji wa Kizimbani hataji majina hayo, na wala hana haja. Onesho lake limesema yote.

Jina si ubora

Sasa tuingie kwenye lawama. Mchezo mzima wa "hii nini?" unaifundisha pua kazi moja: kutaja jina. Ukipatia jina umeshinda. Lakini anayenunua karafuu hahitaji kuambiwa kwamba ni karafuu. Anataka kujua ni karafuu ya aina gani.

Na hapa Kizimbani si mahali pa kawaida. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil Al Abray, aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Baadaye mashamba hayo yakawa ya Seyyid Said. Kwa hiyo ukisimama chini ya mkarafuu wa Kizimbani, umesimama karibu na mahali ambapo uchumi mzima wa visiwa hivi ulipandwa. Ziara hukuhadithia hayo. Lakini inakwepa swali lililouendesha uchumi huo tangu siku ile: karafuu nzuri inajulikanaje?

Tuangalie kwa namba. Karafuu kavu iliyoanikwa vizuri ina mafuta yanayofika kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Katika mafuta hayo, eujenoli peke yake ni kama asilimia 70 hadi 90. Makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, nayo yana mafuta, lakini machache zaidi, takriban asilimia 5 au 6. Majani yana machache zaidi ya hapo. Na yote matatu, karafuu, makonyo na jani, yananukia karafuu! Ndiyo maana Pemba kuna kiwanda cha makonyo kule Wawi: vijiti ambavyo mtu angevitupa vinakamuliwa mafuta ya kuuzwa.

Hebu fikiria sasa mtu mjanja anasaga makonyo na kuyachanganya na karafuu iliyosagwa. Unga ule utanusaje? Utanukia karafuu. Pua iliyofundishwa kutaja jina itasema "karafuu" na kufurahi. Haitajua kwamba nusu ya pesa imekwenda kwenye vijiti.

Mashine inayojua inaitwa kromatografia ya gesi, na kazi yake ukiielewa huwezi kuisahau. Fikiria watu 50 wameachiwa kwa pamoja wapite kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kutoka Darajani hadi Forodhani. Kila mtu anapita njia ile ile, lakini wapo wanaosimama kila baraza kusalimia na kuuliza habari za nyumbani, na wapo wanaopita moja kwa moja kwa salamu ya mbali. Wakifika Forodhani hawatafika pamoja tena. Watafika mmoja mmoja, na wewe uliyesimama pale na saa utaweza kuwahesabu. Ndani ya mashine, kichochoro ni mrija mwembamba mno, mara nyingi wa mita 30, uliokunjwa kama kamba. Ndani umepakwa utando, na utando huo ndio mabaraza yenyewe. Mvuke wa karafuu unasukumwa na gesi. Kila kemikali inasalimiana na utando kwa kiasi chake, na kila moja inatoka kwa wakati wake. Mwisho wa mrija mara nyingi kuna mashine ya pili, spektrometa ya masi, inayovunja kila molekuli na kupima uzito wa vipande ili ijulikane ni nani aliyefika. Njia hii ya kutumia gesi na utando wa kimiminika ilitangazwa na Anthony James na Archer Martin mwaka 1952, na mpaka leo ndiyo msingi wa kupima manukato.

Kwa mashine hiyo, yule mjanja wa makonyo amekwisha. Mafuta ya karafuu yenyewe yana kemikali nyengine, eujenili asetati, kwa wingi kuliko mafuta ya makonyo au ya majani. Ukiona eujenoli imesimama juu na mwenzake hayupo, unajua kuna jambo. Wingi wa harufu hausemi kitu hapo. Kinachosema ni uwiano wa vilivyomo ndani yake, na uwiano huo pua ya binadamu haiwezi kuuhesabu.

Mdalasini nao una mtihani wake, na huu ni mkubwa zaidi kwa sababu unagusa afya. Madukani duniani mdalasini ni jina la vitu viwili. Kuna mdalasini halisi wa Ceylon, ambao gome lake ni jembamba na hukunjwa tabaka kwa tabaka kama karatasi za sigara. Na kuna kasia, gome nene, gumu, la tabaka moja. Vyote vina sinamaldehidi, na kasia mara nyingi inanukia kwa ukali zaidi. Pua isiyo na mwalimu itachagua kasia na kusema ndiyo bora. Lakini kasia ina kumarini kwa wingi, kemikali yenye harufu tamu ya nyasi kavu, ambayo ikiliwa kwa wingi siku baada ya siku inaweza kudhuru ini la mtu mwenye mwili usiohimili. Mdalasini wa Ceylon una chembe chache tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, imeweka mpaka wa miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ikapiga hesabu: mtoto wa kilo 15 anaufikia mpaka huo kwa nusu gramu ya kasia ya kawaida kwa siku. Nusu gramu ni kidogo sana, bana. Ni ncha ya kijiko kwenye uji.

Kumarini ina harufu, inaruka, na mashine inaiona vizuri. Lakini puani mwako inafunikwa na ukali wa sinamaldehidi, hata usijue imepita. Ziara inakuonesha mdalasini halisi, ukiwa hai, mbele ya macho yako. Ni nafasi ya dhahabu ya kuweka kipande cha kasia pembeni yake na kusema "angalia tofauti". Karibu kila mara nafasi hiyo inapotea.

Kinachoruka na kisichoruka

Mpaka hapa lawama ni ndogo: pua inaweza kudanganywa kuhusu ubora, na mashine inaweza kuisaidia. Sasa tufike kwenye lawama kubwa.

Ukikaa kwenye ziara utasikia maneno matatu yakitembea pamoja: asili, freshi, salama. Unapewa unuse, unaambiwa ni freshi, na kimya kimya unaelewa kwamba basi ni salama. Hakuna anayedanganya hapo. Ni mrukio wa mawazo tu, na kila mtu anaufanya, hata jikoni kwako. Mama akifungua kopo la manjano, ananusa, anasema "hii bado nzima", anatia mchuzini.

Turudi kwenye kanuni tuliyojifunza chini ya mdalasini: ili unuse kitu lazima kiruke. Sasa iulize upande wa pili. Kisichoruka je? Jibu ni kwamba pua haina habari nacho kabisa. Na kwa bahati mbaya, vitu vitatu vinavyoogopwa sana katika viungo vikavu vyote haviruki.

Cha kwanza ni sumukuvu, hasa aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus kwenye mazao yaliyokauka vibaya au kuhifadhiwa kwenye unyevu. Molekuli yake ni nzito, haivukiki kwa joto la jikoni, na kupika hakuiondoi. Haina harufu. Kenya mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi yenye sumu hii. Kwetu Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Yale yalikuwa mahindi, chakula cha sahani nzima, na viungo huliwa kidogo. Lakini kungumanga, pilipili, tangawizi na manjano vyote hushikwa na kuvu hawa, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeviwekea mpaka: mikrogramu 5 za aflatoksini B1 kwa kilo. Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ni gramu 5 katika tani 1,000. Hakuna pua duniani ya kazi hiyo, hata kama sumu ingekuwa na harufu.

Haki itendeke kwa karafuu hapa. Eujenoli yenyewe inazuia kuvu kukua, kwa hiyo karafuu haipo mstari wa mbele wa wasiwasi huu. Lakini hilo lisikufanye uvitie viungo vyote kapu moja. Kungumanga haina kinga kama hiyo.

Cha pili ni madini mazito, hasa risasi. Mwaka 2023 nchini Marekani mamia ya watoto walipatikana na risasi mwilini baada ya kula tofaa lililosagwa na kutiwa mdalasini. Mamlaka ya chakula ya nchi ile, FDA, ilipopata sampuli za mdalasini uliotumika, ilikuta risasi sehemu 2,270 hadi 5,110 kwa kila milioni. Mdalasini ule ulinukia mdalasini. Nchini Bangladesh watafiti walionesha mwaka 2019 kwamba manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili rangi ing'ae. Ni rangi ya njano ya viwandani, chumvi nzito isiyopaa hewani. Harufu ya manjano haikubadilika hata chembe.

Cha tatu ni bakteria, na Salmonella ndiyo maarufu. Hukaa kwenye viungo vikavu kimya, haioti, haioteshi uvundo, inasubiri maji. Mwaka 2009 na 2010 watu 272 waliugua Marekani kwa nyama za soseji zilizopakwa pilipili yenye Salmonella. Nani alinusa pilipili ile akasita? Hakuna.

Usinielewe vibaya, pua si bure. Kuna uchafu unaoruka, na kwa huo pua ni hodari kupita kiasi. Harufu ya udongo na ukungu ya kitu kilichokaa kwenye unyevu inatokana na kemikali kama jiosmini, ambayo binadamu anaihisi hata zikiwa nanogramu chache ndani ya lita ya maji. Ile harufu ya uyoga ya nafaka iliyovunda ni 1-okteni-3-oli. Karafuu iliyokaushwa penye moshi inabeba harufu ya moshi, na mafuta yaliyochacha yanajitangaza yenyewe. Kwa hiyo pua ikisema "hapana", isikilize, tupa. Tatizo ni pua inaposema "ndiyo". "Hapana" ya pua ni ushahidi, lakini "ndiyo" yake si cheti. Na katika viungo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu harufu kali ya kiungo chenyewe inaweza kuufunika ukungu mchanga ambao kwenye unga wa mahindi ungeugundua mara moja.

Pua za mashine na pua za panya

Utasema, basi tuweke mashine ya kunusa. Zipo. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd walitangaza kifaa cha kunusa kwa umeme: vihisio kadhaa, kila kimoja kikijibu mvuke kwa namna yake, na kompyuta ikisoma mpangilio kama ubongo. Tangu hapo vifaa vya aina hiyo vimejaribiwa kwa samaki, nyama, kahawa na nafaka, na kila baada ya muda utasoma kichwa cha habari kwamba pua ya kielektroniki inagundua aflatoksini.

Soma kichwa hicho polepole. Kifaa hakinusi aflatoksini, kwa sababu aflatoksini hairuki. Kinanusa mivuke ya kuvu, kisha kinakisia kwamba penye kuvu huenda pana sumu. Mara nyingi kinapatia. Lakini kuna kuvu wasiotoa sumu, na kuna sumu iliyobaki wakati kuvu wameshakufa na mivuke yao imeshapotea. Mashine imerithi udhaifu wa pua yetu pamoja na nguvu zake.

Mfano mzuri wa kutumia pua kwa akili tunao hapa hapa nchini. Shirika la APOPO, lenye makao Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine, linawafundisha panya buku kunusa makohozi na kuonesha yenye kifua kikuu. Panya ni hodari na wanafanya kazi haraka, lakini hakuna mgonjwa anayeanzishiwa dawa kwa sababu panya amesimama. Sampuli aliyoionesha panya inapimwa tena maabara. Pua inachuja, maabara inathibitisha. Ukiielewa sentensi hiyo umeelewa sayansi nzima ya kupima chakula kwa harufu. Ziara ya Kizimbani ina nusu ya kwanza ya sentensi tu.

"Lakini ile ni ziara tu, bana"

Najua pingamizi linalokuja. Watembezaji si wakemia. Wengi wanaishi kwa bakshishi. Mgeni amekuja kupumzika, na ukianza kumhadithia Salmonella mbele ya meza ya vipakiti, umemharibia kijana biashara.

Sehemu ya kwanza naikubali. Hakuna anayemtaka mtembezaji awe maabara. Sehemu ya pili siikubali. Ziara tayari inafundisha mambo mazito: kila mti unapewa orodha ya maradhi unayoyatibu, tumbo, meno, presha, nguvu za kiume. Anayeweza kusema "hii inatibu" anaweza pia kusema "hii pua haiioni". Na kuhusu biashara, mnunuzi anayejua kuuliza hamdhuru muuzaji mwaminifu. Anamdhuru yule mwengine. Zanzibar haiwezi kushindana na wakulima wakubwa wa dunia kwa wingi wa viungo. Inashindana kwa jina. Na jina haliwezi kulindwa na wateja wasiojua tofauti.

Tena, tusisahau nani ana hatari zaidi. Mgeni atanunua vipakiti vitatu, avipeleke kwao, avisahau kabatini. Anayekula viungo kila siku, kwenye chai, pilau na mchuzi, ni sisi. Wanafunzi wanaopelekwa Kizimbani na walimu wao watarudi kwenye majiko yale yale.

Dakika tano zinazokosekana

Mhakiki anayelaumu bila kupendekeza hajamaliza kazi. Vitu vinne vinatosha kulikamilisha somo, na vyote havigharimu kitu cha maana.

Glasi ya maji. Dondosha karafuu nzima. Karafuu yenye mafuta yake huzama au husimama wima, kichwa juu. Iliyokamuliwa mafuta au iliyokauka ovyo huelea imelala. Halafu bonyeza nyengine kwa ukucha shingoni: ikiwa nzuri mafuta yataonekana.

Bakuli mbili. Moja ina mdalasini uliosagwa leo, nyengine una miezi kadhaa ndani ya mfuko mwembamba juani. Mgeni anuse zote mbili. Hapo ataelewa mwenyewe kwa nini kiungo kinunuliwe kizima, kihifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa, gizani. Meza ile ya vipakiti vya plastiki kwenye jua ndiyo mahali pabaya kuliko pote kwa kitu ambacho thamani yake yote inaruka. Ajabu ni kwamba ipo mwisho wa ziara inayohusu harufu.

Vipande viwili vya gome. Kimoja cha mdalasini wa Ceylon, kimoja cha kasia. Tofauti ionekane kwa macho kabla ya kuulizwa kwa pua.

Na cha nne ni sentensi moja tu, isemwe wakati wageni wameshikilia kungumanga: "Hii inanukia vizuri, lakini sumukuvu haina harufu, kwa hiyo usalama wake unaanzia pale ilipoanikwa." Sentensi hiyo inaihamisha akili kutoka puani kwenda kwenye jamvi. Ndiyo maana wakulima wetu wanahimizwa kila msimu waanike karafuu juu ya majamvi safi na si juu ya lami wala ardhi tupu. Asiyejua kwamba kuna uchafu usionuka ataona ni usumbufu wa bure. Anayejua ataelewa kwamba lile jamvi ndilo kipimo cha kwanza cha usalama, kabla ya maabara yoyote.

Kinachouma zaidi ni ukaribu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, ZARI, ipo Kizimbani hapo hapo. Skuli ya Kilimo ya SUZA nayo ipo hapo hapo. Vijana wanaosomea mazao wapo mwendo mfupi kutoka kwa vijana wanaowanusisha wageni mazao yale yale. Kadi moja iliyoandikwa kwa lugha rahisi na wanafunzi wa SUZA, ikagawiwa kwa watembezaji wa mashamba yote ya eneo lile, ingeweza kubadilisha ziara nzima. Mpango huo hauhitaji mfadhili. Unahitaji watu wa upande mmoja wa barabara wavuke wende upande wa pili.

Wakati tukiusubiri mpango huo, mzigo ni wako. Nenda Kizimbani, ziara inafaa pesa yake na onesho la mdalasini peke yake linatosha kukupeleka. Nusa kila unachopewa. Ila ukifika mahali pa kununua, hapo pua yako imeshamaliza kazi. Muulize muuzaji maswali matatu: imevunwa lini, imeanikwa juu ya nini, na imepimwa nini na nani. Taasisi ya Viwango Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa zimewekwa kwa ajili ya swali hilo la tatu. Ukipewa majibu, nunua, tena nunua nzima na usage nyumbani. Ukiambiwa tu "nusa mwenyewe, freshi hiyo", ujue umejibiwa swali ambalo hukuuliza.